Kafulinki iliyoanguka kwenye ndafu

Najua nimeadimika kama maji ya bomba ghorofa ya nne, lakini test zilifuatana mno na wiki iliyopita sikupata hata muda wa kufua. Leo nimepumua kidogo. Nilitaka niandike habari za bumu, nikaona kila mtu anaandika habari za bumu. Kwa hiyo leo naandika juu ya kitu ambacho nina hakika wengi wenu hamjawahi kukifikiria hata dakika moja: vile vifungo vya mikono ya shati wanavyovaa mabwana harusi. Kafulinki.

Msicheke kwanza. Mahafali yanakuja, wenzetu wa mwaka wa mwisho wameanza kuitwa kwenye usaili, na darasani kwetu nimeshawaona watatu wakipita na yale maboksi yenye dirisha la plastiki: tai, leso, kibanio cha tai na kafulinki mbili, vyote rangi moja, vinang'aa kama jino la dhahabu. Mimi nina ugomvi na lile boksi. Nieleze.

Desemba 2024 kaka yangu alioa. Asubuhi ya siku ile mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumsimamia avae, maana mpambe wake alikuwa bado anatafuta maua ya gari. Mama akaja chumbani na kikopo cha zamani cha lozenji. Ndani mlikuwa na kafulinki za baba. Baba alifariki 2016. Alitengenezewa na sonara mmoja Tanga kabla mimi sijazaliwa: za fedha, kila moja ina nyuso mbili za umbo la yai, na katikati zimeunganishwa na cheni fupi ya vipete vitatu. Kaka akajaribu kuvaa. Akapitisha upande mmoja, ukakwama tundu la pili. Akajaribu tena, tundu la tatu likasogea. Jasho likaanza kumtoka na shati lilikuwa limeshapigwa pasi. Mwishowe akasema, "Mama, hizi za kizamani zinasumbua, nina zangu za kisasa hapa, unapindua tu basi."

Na mimi, niwe mkweli, ndiye niliyemuunga mkono. Nilisema, "Achana nazo kaka, tutachelewa kanisani." Mama akazirudisha kwenye kikopo bila kusema neno.

Usiku ukumbini, ikafika saa ya ndafu. Mnajua ilivyo: MC anapiga kelele, muziki unapanda, maharusi wanakata, wanabeba sahani kupeleka kwa wakwe. Kaka akafika mbele ya baba mkwe, akainama kidogo, akanyoosha mikono yote miwili kama tulivyofundishwa nyumbani. Hapo hapo mkono wa kulia wa shati ukafunguka kama mdomo wa mtu aliyeshangaa, na kafulinki ikadondoka, tii, juu ya nyama. Baba mkwe akaiokota kwa vidole viwili, akaigeuza, akasema kwenye maiki ya MC, "Mwanangu, mahari si mlishamaliza?"

Ukumbi mzima ulianguka kwa kicheko. Kaka naye alicheka. Lakini mimi namjua yule, masikio yalikuwa yamembadilika rangi, na usiku wote uliobaki alikuwa ameuficha ule mkono ndani ya koti kama mwizi wa maandazi. Video ninayo. Siiweki, msiniombe.

Sasa mimi nasoma uhandisi mitambo. Kitu kikiharibika mbele yangu siwezi kulala. Ile kafulinki nikaja nayo chuoni.

Kwanza tuelewane kwa nini shati jingine linataka kafulinki na jingine halitaki. Shati la kawaida, mwisho wa mkono upande mmoja unalalia mwingine, kifungo kimeshonwa huku, tundu liko kule, kazi imeisha. Shati la kafulinki halina kifungo. Lina matundu pande zote mbili, na kile kipande cha mwisho wa mkono, ambacho mafundi wanakiita kafu, ni kirefu mara mbili ili ukikunje kwa nyuma. Ukishakunja unapata matabaka manne ya kitambaa na matundu manne ambayo lazima yapangane. Tena pande mbili hazilaliani. Zinakutana tumbo kwa tumbo kama viganja vya mtu anayesali. (Wanaume wengi hapa chuoni wanazilaza moja juu ya nyingine kama shati la kawaida. Wapendwa, hapana.) Kwa hiyo kitu kitakachopita humo kinatakiwa kiwe chembamba wakati wa kuingia na kipana kikishaingia, huku na huku. Mtihani wote uko hapo.

Kafulinki za kwenye boksi zinajibu mtihani huo kwa bawaba. Kuna kichwa kinachoonekana, kuna kijiti, na mwishoni kuna kitu kama kidonge kinachozunguka kwenye pini. Kikiwa kimenyooka na kijiti, kinapita kwenye matundu yote manne bila ubishi. Ukishapitisha unakipindua, kinakaa kama herufi T, hakitoki. Ni akili nzuri, sikatai. Mtu mmoja anaweza kujivalisha mwenyewe kwa mkono mmoja, na ndiyo maana aina hiyo imejaa madukani kote.

Swali ni moja tu: nini kinakizuia kile kidonge kisijipindue chenyewe kurudi kilipotoka? Kwenye zile nzuri kuna kijisahani cha springi ndani, kidogo kuliko ukucha wa mtoto, kinachokikandamiza. Ukipindua unasikia "tak". Ile ya kaka haikuwa na tak. Niliifungua karakana, hamna springi hata ya kusingizia. Kilichokuwa kinashika ni msuguano wa pini peke yake, na pini yenyewe ilikuwa inacheza ndani ya tundu lake kama jino la mtoto wa miaka sita. Mwili ni aloi laini iliyomiminwa kwenye kalibu ikapakwa rangi ya fedha. Kila unapopindua, tundu linalika kidogo, na msuguano unapungua kidogo, mpaka siku unakwisha kabisa na wewe huna habari.

Nikapima kwa venia. Kutoka kichwani mpaka kwenye pini ni milimita 18. Matabaka manne ya shati la kaka, ukiyabana, hayafiki 6. Milimita 12 nzima za kucheza bure! Shati linakwenda mbele na nyuma, kidonge kinagonga, kinagusa bitana ya koti, kinagusa meza. Shati likivuta sawasawa pande zote mbili za T, kidonge hakizunguki, nguvu zinafutana. Kikiguswa upande mmoja peke yake ndipo kinapogeuka. Sasa angalia kinavyovaliwa: kichwa cha urembo kinatazama nje kwa watu, kidonge kinatazama ndani, yaani upande ule ule unaosuguana na paja na koti na ukingo wa meza siku nzima. Kiungo dhaifu kuliko vyote kimewekwa mahali penye fujo kuliko pote. Ningemletea mwalimu wetu wa usanifu wa mashine mchoro wa namna hiyo, angenirudishia bila hata kuweka alama.

Haya, za baba. Hazina bawaba, hazina springi, hazina chochote cha kuzunguka. Uso wa yai unaingia kwenye tundu kwa ubavu, kama sarafu inavyoingia kwenye kibubu, halafu cheni inaulegeza ulale bapa. Ili utoke, lazima mtu aushike, ausimamishe kwa ubavu tena, ausukume kwenye matundu manne moja baada ya jingine. Shati haliwezi kufanya hivyo lenyewe. Kibubu hakina bawaba, mbona hela hazidondoki? Kinachoshika pale ni umbo. Msuguano unaisha, springi inachoka, lakini yai la fedha litakuwa pana kuliko tundu hata baada ya miaka 40.

Ule usumbufu uliomtoa kaka jasho ndio huo huo ambao ungemwokoa mbele ya baba mkwe. Kitu kinachoingia kirahisi hivyo, na kinatoka hivyo hivyo. Mimi nimeona kwa macho yangu nikiwa nimeshika soda.

Tena hii ya cheni ndiyo ya kwanza. Watu wa Ulaya walikuwa wakifunga mikono ya mashati kwa kamba na utepe, na katika karne ya 17 wakaanza kutumia vifungo viwili vinavyofanana vilivyounganishwa kwa cheni. Mfalme Charles II wa Uingereza alipomwoa Catherine wa Braganza mwaka 1662, watu walivaa vifungo vya mkono vya fedha vyenye alama ya mioyo na taji kwa ajili ya harusi ile, na wachimbaji wa vitu vya kale bado wanaviokota ardhini. Haya mambo ya bawaba yamekuja baadaye sana, viwanda viliposhika kasi na mtu akataka kuvaa haraka awahi kazini. Wamarekani walijaribu na njia nyingine. Miaka ya 1920 kampuni ya Baer & Wilde ya Attleboro, Massachusetts, iliuza sana kafulinki zinazoitwa Kum-a-part: kila upande wa mkono unakaa na nusu yake, halafu nusu mbili zinabanana kwa kubonyeza, kama vile vifungo vya chuma vya jaketi. Hiyo naipenda. Mkono unafungua na kufunga mara kumi kwa siku na hakuna kinachotoka kwenye tundu lake. Sijui kwa nini tuliiacha tukabaki na vidonge.

Halafu kuna zile za nyuzi, mafundo mawili ya hariri yaliyoungwa kwa kipande kifupi cha uzi, yanafanana na lile fundo wanalofunga mabaharia mwishoni mwa kamba ya kurushia. Duka la mashati la Charvet la Paris ndilo linalotajwa kuzianzisha, 1904. Fundo linaminyika likipita tunduni, likishapita linavimba. Uzi tu! Na watu wa Paris wanatembea nazo vifua mbele.

Rumeti wangu nilipomsomea mpaka hapa akaniuliza, "Kwani lazima? Si mvae shati la kifungo, mambo ya wazungu hayo." Namjibu hapa hapa ili mjibiwe wote. Kwanza, si lazima hata kidogo. Shati la kifungo ni mtambo mzuri kuliko kafulinki zote duniani, kifungo kimeshonwa, hakipotei, na hakuna paneli ya usaili itakayokunyima kazi kwa sababu hiyo. Nenda nalo kwa amani. Pili, la wazungu wapi: Saudia na Kuwait wanaume wanavaa kanzu zenye mikono ya kukunja na kafulinki zao, wanaziita kabak, na hakuna anayewauliza mzungu wao ni nani.

Ila kinachoniuma ni mitumba. Wengi wetu tunavaa mashati kutoka Karume na Manzese, hilo halina siri. Mara kwa mara unakutana na shati la kukunja mkono, kitambaa kizito kizuri, kola haijalika, muuzaji anakuachia kwa bei ya kutupa kwa sababu halina vifungo vya mkono na kila mteja akiligusa analirudisha. Kafulinki zake zilibaki huko lilikotoka. Wewe unalinunua, unampelekea fundi, fundi anakata ile nusu ya kukunja, anashona kifungo, unalipa, unaondoka na furaha. Kitambaa kilichokatwa kinaenda kuziba mto. Mimi mwenyewe nilimfanyia hivyo mdogo wangu mwaka juzi, shati la bluu ambalo mpaka leo nikiliona mkono wake nanyong'onyea. Kafu ikikatwa haijirudishi. Na mtu huyo huyo, siku ya mahafali, utamkuta anatoa shilingi 35,000 kununua lile boksi, halafu anaanza kutafuta shati la mkono wa kukunja!

(Halafu kabla hujamwita fundi, angalia vizuri. Mashati mengine yana kifungo na pia yana tundu pande zote mbili. Hayo unavaa unavyotaka, kwa kifungo au kwa kafulinki. Nimeona watu wakiyapeleka kwa fundi azibe lile tundu la pili wakidhani ni kosa la kiwandani. Jamani.)

Kwa hiyo msilikate. Chukueni vifungo vinne vya kawaida vyenye matundu manne, upana wa milimita 11 au 12, viwili viwili. Mafundi wana kanuni yao ya zamani: urefu wa tundu la shati ni upana wa kifungo ukijumlisha na unene wake. Pima hivyo kabla hujanunua. Weka vifungo viwili mgongo kwa mgongo, katikati yake weka kalamu ya biki, unene wake ni karibu milimita 8. Pitisha uzi imara huku na huku mara sita au saba, upite pembeni mwa kalamu. Chomoa kalamu, halafu uzungushie uzi ule ule kwenye hiyo shingo mpaka iwe ngumu kama kijiti, funga fundo, kata. Matabaka manne yanachukua milimita 6, unabaki na 2 za kupumua, tofauti na zile 12 za boksini. Gharama ni nauli ya daladala. Ukipenda mbwembwe, upande wa nje weka kifungo cha koti la mzee kilichobaki nyumbani, bora tu kifungo cha ndani kipite tunduni.

Nisiwadanganye, kuna kasoro. Kuvaa peke yako ni shida, mkono wa kushoto hauna akili ya kumvalisha wa kulia. Mimi nawashauri mvishe shati kafulinki zake likiwa bado kitandani, halafu mpitishe kiganja, kama mkono wa shati si mwembamba sana. Ikishindikana, tafuta mtu. Zamani hizi zilikuwa nguo za watu wenye mtumishi wa kuwavalisha, hosteli tuna rumeti. Na za cheni nazo si malaika. Vile vipete visipolehemiwa vinafunguka polepole. Kimoja cha baba nilikikuta kimeachana kiasi cha unywele, na sonara alikiziba kwa lehemu wakati mimi namalizia chapati yangu.

Ndiyo, za baba zilivaliwa. Wiki mbili baada ya harusi tulikuwa na sherehe ya kuvunja kamati, nyumbani, watu kama 30. Kaka alikuwa ameshasafiri fungate na kurudi, amenenepa. Akaniita chumbani, kile kikopo cha lozenji kilikuwa kitandani, akanyoosha mikono bila kusema kitu. Safari hii hatukuwa na haraka. Nilianza na tundu la ndani, nikayapanga yote manne kwa kijiti cha meno kwanza, ndipo nikaingiza yai kwa ubavu. Dakika nne mkono mmoja. Mkono wa pili mbili.

Baadaye mama alipita anagawa soda. Alipofika kwa kaka akamshika kiganja, akakigeuza, akaangalia mpaka upande wa ndani ambako kwenye zile za boksi huwa kuna kidonge na kwenye za baba kuna yai jingine lile lile. Akamwuliza, "Fanta au Sprite?"

Rumeti huyu huyu aliyenisema kuhusu wazungu ana usaili Alhamisi. Jana usiku kaniletea shati jeupe la mitumba, mikono ya kukunja, hajalikata. Nimemwambia alete vifungo vinne, uzi ninao. Kalamu ya biki pia ninayo ila wino umekwisha, kwa kazi hii haidhuru.

Haya, nalala. Kesho maabara saa mbili.